Chenga kwenye picha za usiku: mwongozo wa mpiga picha ukumbini

Ukumbi wa harusi ni mahali pagumu kwa kamera. Wenye shughuli wamelipia mapambo, taa za rangi, moshi wa mashine, na fundi wa taa anayependa kuzima kila kitu isipokuwa taa moja pale maharusi wanapoingia. Wageni wanapiga vigelegele. Kesho yake unafungua picha kwenye kompyuta, suti nyeusi ya bwana harusi imejaa vidoti vyekundu na vya kijani, na shavu la bibi harusi lina punjepunje ambazo mpambaji wake hakuziweka. Hizo ndizo chenga.

Nimeamua kuufuata usiku mmoja wa harusi, tangu kabla hujatoka nyumbani mpaka picha zinapomfikia mteja, kwa sababu ukumbini ndiko karibu kila sura ya tatizo hili inakojitokeza. Wewe unayepiga mishikaki ya Forodhani, Zanzibar, kwa simu, una sehemu yako huko mbele.

Kwanza: chenga zinatoka wapi

Mwanga huja kwa chembe, fotoni, na fotoni haziji kwa mpangilio. Zinadondoka ovyoovyo. Pikseli moja, yaani doa dogo kabisa la picha, ikipokea fotoni 10,000, kuyumba kwake kwa kawaida ni kipeuo cha pili cha hesabu hiyo, yaani 100, sawa na asilimia 1. Jicho halioni. Pikseli ikipokea fotoni 100 tu, kuyumba ni 10, asilimia 10 nzima, na hapo pikseli mbili zilizoangalia kitambaa kilekile zinatoa majibu tofauti kabisa. Ndiyo maana chenga hukaa kwenye suti, nywele na vivuli, na hazionekani kwenye shela. Juu ya hiyo ongeza kelele ndogo ya umeme wa kamera yenyewe inaposoma kihisi (sehemu yake inayopokea mwanga), na joto, ambalo lina madhara zaidi ukiacha shata, lile pazia linalopitisha mwanga, wazi kwa sekunde nyingi.

Kwa hiyo chenga ni upungufu wa mwanga. ISO, ile namba ya ukuzaji kwenye kamera, haileti mwanga wala haiufukuzi. Inakuza kile kilichokwisha kuingia. Ni sawa na kuongeza sauti ya redio uliyo nayo mbali na mnara: taarifa ya habari inapanda, na mkwaruzo nao unapanda.

Nalisisitiza hili kwa sababu vijana wengi wanaoanza kazi wamefundishwa kuiogopa ISO. Wanang'ang'ania 800 ukumbini, picha inatoka giza, halafu wanaivuta juu kwenye programu. Picha iliyopigwa ISO 800 ikiwa na giza la stopu mbili (stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu) imepokea mwanga uleule wa picha ya ISO 3200 yenye shata na tundu la lenzi lilelile. Ukiivuta, chenga zinarudi zote, na kwenye kamera za zamani zinakuja na mistari ya ziada. Ikiwa ulipiga JPEG, faili ambalo kamera imeshalibana, hali ni mbaya zaidi, maana JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, wakati RAW, faili ghafi la kamera, ya biti 14 ina 16,384.

Hatua ya 1: Chagua lenzi kabla ya kuchagua kamera

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja, nunua lenzi. Lenzi inayokuja na kamera, ile ya 18-55, ikivutwa mwisho inafungua f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo kwa kampuni nyingi ndiyo ya bei nafuu kuliko zote na kwa mtumba inapatikana bila shida, inapitisha mwanga karibu mara 10 ya ile. Hakuna programu ya kompyuta itakayokupa mara 10.

Hesabu yake ukumbini iko hivi. Meza kuu yenye taa hafifu za njano hukubali f/2, shata 1/125 ya sekunde, ISO 3200. Mwenye lenzi ya f/5.6 amesimama pembeni yako, amepungukiwa stopu tatu. Ili apate mwangaza huohuo kwa shata ileile anahitaji ISO 25,600. Mmepiga uso mmoja, dakika moja, na pengine kamera ni za aina moja.

Tundu kubwa lina gharama yake. Kwa 50mm f/1.8 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi kikubwa), mtu akiwa mita 2 kutoka kwako, eneo lililo kali ni kama sentimita 17 tu mbele na nyuma kwa jumla. Kwa uso mmoja inatosha. Kwa mashangazi saba waliobeba zawadi kwa safu mbili, wa nyuma wote watakuwa ukungu. Hapo rudi f/4 na utafute mwanga kwa njia nyingine. Flashi iko hatua ya 6.

Kuhusu kamera zenyewe: kihisi cha fremu kamili kina milimita 36 kwa 24, cha APS-C, aina ndogo zaidi, ni kama 23.5 kwa 15.6. Eneo la kwanza ni zaidi ya mara mbili ya la pili, na hiyo ni faida ya zaidi kidogo ya stopu moja. Faida ya kweli, lakini bado ni ndogo kuliko ile ya lenzi.

Hatua ya 2: Fika mapema, zungumza na fundi wa taa

Hili watu wengi hulipuuza kwa sababu si kazi ya kamera. Fika wakati mapambo yanamaliziwa, mtafute fundi wa taa, msalimie vizuri, muulize taa gani zitawaka maharusi wakiingia na wakati wa keki. Kisha mwombe jambo moja: taa nyeupe ya mbele, hata iwe hafifu, iwapige usoni wakati wa matukio hayo mawili. “Kaka, nyeupe kidogo tu mbele, rangi zako ziache nyuma.” Wengi wanakubali, na video nayo inafaidika.

Sababu ya ombi hilo ni hii. Kihisi cha kawaida kina pikseli zilizofunikwa na vichujio vya rangi: katika kila nne, mbili ni za kijani, moja nyekundu, moja ya bluu. Taa ya LED ya bluu tupu ikimpiga bibi harusi, robo tu ya pikseli ndizo zinazofanya kazi ya maana. Nyingine karibu hazipati kitu. Uso unatoka na chenga hata kama kipimo cha kamera kinasema mwangaza unatosha, na ukijaribu kurudisha rangi ya ngozi, hakuna ngozi ya kurudisha, maana nyekundu haikurekodiwa. Picha ya namna hiyo dawa yake ni kuigeuza nyeusi na nyeupe.

Balbu za njano zina tatizo la upande wa pili. Zina nyekundu nyingi na bluu kidogo. Kamera inaposawazisha weupe inalazimika kuikuza bluu kuliko rangi nyingine, na chenga za bluu zinapanda pamoja nayo. Ziangalie kwenye suti za rangi ya bahari na kwenye kivuli chini ya kidevu. Hapo ndipo huanza.

Hatua ya 3: Weka shata kulingana na mwendo wa watu

Kila ukipunguza kasi ya shata kwa nusu, mwanga unaongezeka mara mbili. Basi usikimbie bila sababu. Mshereheshaji aliyesimama na maikrofoni, 1/80 inamtosha. Wazazi wakitoa nasaha, 1/100. Maharusi wakilishana keki, 1/125. Kuingia ukumbini kwa mwendo wa madaha, 1/160. Muziki ukishakolea na wapambe wakaanza kuruka, 1/250 au zaidi.

Kiimarishi kilichomo kwenye lenzi au kamera kinatuliza mikono yako. Anayecheza hakimhusu. Ukishusha shata hadi 1/15 kwa sababu kamera imejisifu kuwa na kiimarishi, viti vitatoka vikali na watu watakuwa mizimu.

Kuna jambo la umeme pia. Umeme wetu, Tanzania na Kenya, ni wa Hz 50, na taa nyingi humemeteka mara 100 kwa sekunde. Ukiona michirizi ya giza ikikatiza picha, jaribu 1/50 au 1/100 kabla ya kulaumu kamera. Waliopo Marekani, kwenye Hz 60, watumie 1/60 au 1/120. Taa za LED za jukwaani zina mapigo yake zenyewe na hazifuati hesabu hii. Kwa hizo, zima shata ya kimya ya kielektroniki na utumie ya kawaida, kwa sababu ile ya kimya husoma kihisi mstari kwa mstari na michirizi huongezeka.

Hatua ya 4: ISO iwe ya mwisho, na isiwe na aibu

Tundu umelifungua, shata umeichagua kwa mwendo. Kilichobaki ni cha ISO, na iende inakotakiwa kwenda. 3200, 6400, sawa. Nikon ilipotoa D3 mwaka 2007, ISO 6400 iliyokubalika kwenye kamera ya kidijitali ilikuwa habari kubwa. Leo kamera za daraja la kati zinaimudu.

Kila kamera ina dari lake, na ni vizuri ulijue la yako kabla ya siku ya kazi. Usiku, sebuleni, washa taa moja. Tandika kanga yenye rangi nyingi juu ya kiti, weka sufuria jeusi pembeni, na mtu wa nyumbani akae hapo. Kamera iwe juu ya stendi, lenzi kwenye f/4, upige kwa ISO 800, 1600, 3200, 6400, 12,800, kila mara ukiongeza kasi ya shata ili mwangaza wa picha ubaki uleule. Fungua picha kwa ukubwa wa asilimia 100 na uangalie nyusi za mtu, herufi za kanga na tumbo la sufuria. Pale nyusi zinapoyeyuka, stopu moja chini yake ndilo dari lako. Liandike kwenye karatasi, libandike ndani ya begi.

Kisha weka ISO ya kujiendesha: menyu ya kamera nyingi inakuruhusu kupanga kiwango cha juu cha ISO na kasi ya chini ya shata. Panga dari lako na 1/125, na akili yako iende kwa watu. Ziache ISO zinazoandikwa H1 au H2; hizo kwa kawaida ni hesabu za kompyuta ya ndani, hazikupi chochote ambacho usingepata mwenyewe baadaye kwenye RAW.

Hatua ya 5: Pima uso, achana na ukumbi

Kama ungesoma hatua moja tu, ningependa iwe hii.

Kipimo cha kamera hakijui harusi. Kinajaribu kuifanya fremu nzima iwe ya kijivu cha wastani. Bibi harusi akijaa kwenye fremu na shela lake, nyuma yake vitambaa vyeupe, kamera inaona weupe umezidi na inatia giza. Shela linakuwa la kijivu, na uso wake, ambao tayari ni mweusi kuliko shela kwa stopu kadhaa, unasukumwa chini hadi kwenye eneo la chenga. Geuka upande wa wapambe wa kiume wenye suti nyeusi mbele ya pazia jeusi, kamera inafanya kinyume chake: inaangaza mno, na mashati yanaungua.

Ngozi zetu nyingi ziko chini kwenye ngazi ya mwangaza. Mwongozo ulioandikwa na mtu anayepiga watu weupe kutwa utakuambia punguza mwangaza kidogo usiku ili kulinda taa za nyuma. Kwa uso mweupe kuna akiba ya kufanya hivyo. Kwa uso wa maji ya kunde au mweusi tii, stopu moja ukiipunguza umeikata kwenye uhai wa picha: upande wa kivuli wa pua na shingo unageuka punje tupu. Acha balbu za nyuma ziungue. Hakuna mama aliyewahi kurudisha albamu kwa sababu balbu haikuwa na maelezo ndani.

Namna ya kufanya: weka upimaji wa doa, yaani kamera ipime sehemu ndogo ya katikati, ielekeze kwenye shavu lililo upande wa mwanga, piga moja ya majaribio. Fungua histogramu, ile grafu ya mwangaza wa picha, giza kushoto na weupe kulia. Fremu ikiwa imejazwa na uso mweusi wenye mwanga mzuri, kilima kitakuwa kati ya robo na nusu ya upana. Kikijibana ukuta wa kushoto, ongeza. Washa pia onyo la kumetameta linaloonyesha sehemu zilizoungua. Likimeta kwenye balbu, endelea. Likimeta kwenye darizi ya shela, punguza theluthi moja ya stopu, angalia tena. Ukishapata, hamia M, hali ambayo namba unaziweka mwenyewe, ili zisibadilike kila shela jeupe linapopita mbele yako, na ISO nayo uitoe kwenye kujiendesha kwa tukio hilo.

Angalizo kwa waliosikia kwamba picha ikiangazwa zaidi chenga hupungua. Ni kweli pale mwangaza wa ziada unapotoka kwenye tundu, shata au taa. Ukiusogeza mlima wa histogramu kulia kwa kupandisha ISO peke yake, hujaongeza fotoni hata moja, na umejipunguzia nafasi ya shela kabla halijaungua.

Hatua ya 6: Flashi, ikiwa inaruhusiwa

Flashi ni mwanga, na mwanga ndio dawa. Ile ya kumpiga mtu usoni moja kwa moja siipendi: inaua taa za ukumbi zilizolipiwa mamilioni na inaacha vipaji vya nyuso viking'aa kwa jasho. Idundishe kwenye dari au ukuta. ISO 800 hadi 1600, f/2.8, shata 1/100 ili taa za ukumbi nazo ziingie, na flashi ijaze uso.

Kabla ya kudundisha, tazama juu. Wapambaji wa kumbi zetu wanapenda kufunika dari kwa vitambaa. Kitambaa cheupe ni zawadi. Cha zambarau kitamrudishia bibi harusi uso wa zambarau, na kurekebisha rangi hiyo kunaamsha chenga zilezile ulizokuwa unazikimbia. Dari ikiwa ya rangi, nyeusi, au iko juu sana kama ghala, geuza kichwa cha flashi kwenye ukuta mweupe wa karibu, au itoe kwenye kamera uiweke kwenye stendi pembeni. Kumbuka umbali: ukiuongeza mara mbili, mwanga unabaki robo.

Kanisani na kwenye nikahi, uliza kwanza. Viongozi wengi wa ibada hawataki flashi wakati wa viapo, na wana haki. Hapo unarudi kwenye lenzi ya f/1.8, dirisha, na shata ya 1/80, kwa sababu wanaoapa hawakimbii.

Hatua ya 7: Menyu

Piga RAW. Kifaa cha ndani cha kupunguza chenga kinagusa JPEG tu, hivyo kwa mpiga RAW hakina kazi. Kwa anayepiga JPEG kiwe cha chini, kisifute ngozi. Zima mipango ya kunyanyua vivuli, Active D-Lighting kwa Nikon au Auto Lighting Optimizer kwa Canon. Kunyanyua kivuli ni kunyanyua chenga, na ni bora ukafanya mwenyewe ukiwa umekaa. Zima pia upunguzaji chenga wa picha za muda mrefu: unaifanya kamera ipige picha ya pili ya giza yenye urefu uleule, na ukumbini hauna muda huo.

Nje ya ukumbi: Forodhani, majengo, na simu

Vitu visivyotembea vina raha yake. Ngome Kongwe usiku haikuhitaji ISO 3200. Stendi, ISO 100, f/8, sekunde 10, na kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kamera. Hapa ule upunguzaji chenga wa muda mrefu uuwashe, kwa sababu joto la kihisi huleta vidoti vikali vya rangi vinavyokaa palepale kila picha, na picha ya giza inavitambua na kuviondoa. Kelele ya joto huongezeka takriban mara mbili kila kihisi kinapopanda nyuzi 6 hadi 8, kwa hiyo usiache skrini ikiwaka nusu saa kwenye joto la pwani halafu ndipo uanze kupiga.

Simu nyingi zina kihisi kisichofika hata sehemu ya kumi ya fremu kamili, na zinajitetea kwa kurundika. Google ilileta Night Sight kwenye Pixel mwaka 2018, Apple ikaweka hali ya usiku kwenye iPhone 11 mwaka 2019, na sasa karibu kila kampuni ina ya kwake. Simu inapiga picha nyingi mfululizo, inazilinganisha, inachukua wastani. Chenga hazijirudii mahali pamoja, kwa hiyo wastani unazifuta: picha 4 zinapunguza chenga kwa nusu, picha 16 zinabakisha robo. Mwenye kamera na stendi anaweza kufanya vivyo hivyo kwa mkono, picha 16 za jengo moja, kisha kuzichanganya kwenye kompyuta.

Kwa meza za chakula Forodhani, egemeza simu kwenye ukuta au nguzo. Usivute kwa vidole, sogea kwa miguu. Subiri mpishi atulie. Anapomimina yai juu ya pizza ya Kizanzibari mkono unakwenda mbio na hali ya usiku itauchora mara tatu, lakini anapobonyeza kingo za unga huwa anasimama sekunde moja hivi. Gusa uso wake kwenye skrini. Simama upande ambao balbu ya mezani inamwangaza yeye, bahari yenye giza iwe nyuma yake.

Hatua ya 8: Kwenye kompyuta

Anza na weupe na mwangaza, kisha chenga, ukali uje mwisho. Ukitia ukali kwanza unazinoa chenga zenyewe.

Chenga ni za aina mbili, na programu zinazitenganisha. Za rangi, vile vidoti vyekundu na vya kijani, hazina uzuri wowote. Ziondoe bila huruma. Lightroom, programu ya kuhariri picha, huanza na 25 kwenye upande huo na mara nyingi inatosha. Za mwangaza, punje zisizo na rangi, zina uhusiano na umbile la vitu, na hapa mkono uwe mwepesi: kati ya 15 na 30, ukiangalia kwa asilimia 100. Angalia kope, ndevu na darizi. Darizi ikianza kuyeyuka umepita. Kuna mtindo mjini wa kusafisha hadi bibi harusi anafanana na sanamu ya dukani. Wateja wengine wanaupenda, mimi afadhali nibakishe punje kidogo.

Kisha shusha weusi. Suti nyeusi ina haki ya kuwa nyeusi. Mtu anayenyanyua vivuli ili kila mshono wa suti uonekane anafukua chenga zilizokuwa zimelala.

Zana za akili bandia zimebadilisha kazi hii kweli. Denoise ya Lightroom iliyotoka Aprili 2023, DxO PureRAW, na za Topaz zinaweza kuiokoa picha ya ISO 12,800 kwa kiwango ambacho zamani kisingewezekana. Zinafanya vizuri zaidi kwenye RAW, na kompyuta dhaifu itachukua dakika kadhaa kwa picha moja, kwa hiyo zichague zile za albamu tu. Wasio na bajeti wana darktable na RawTherapee, za bure. Darktable ina vipimo vya chenga vya kamera nyingi, inajua yako inakosea wapi. Ila akili bandia isipoona inabuni. Kagua nyuso ndogo za wageni wa nyuma, maandishi ya bango, na jina la kanga: kwa mbali nimeona maneno ya kanga yakigeuka mikwaruzo inayofanana na herufi za lugha isiyokuwepo. Punguza nguvu hadi nusu, au funika sehemu hizo zisiguswe.

Hatua ya 9: Kumkabidhi mteja

Kabla ya kukosa usingizi kwa ajili ya picha fulani, itazame kwa ukubwa utakaotumika. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa 4000. Ukiichapa inchi 6 kwa 4 kwa nukta 300 kila inchi, unahitaji 1800 kwa 1200. Pikseli 11 zinakuwa moja, na chenga zinapungua zaidi ya mara tatu bila wewe kugusa chochote. Kilichokutisha kwenye skrini hakitaonekana kwenye albamu.

WhatsApp ni habari nyingine. Inabana picha, na picha yenye chenga ikibanwa inazaa vijisanduku, kwa sababu kila punje inahesabiwa kama umbile la kuhifadhi. Safisha kwanza, punguza hadi pikseli 2048 upande mrefu, kisha tuma kama hati, si kama picha. Kwa turubai la sebuleni, la sentimita 60 kwa 90, chapa kipande kidogo cha uso kwa ukubwa kamili kabla ya kulipia lote. Na unapopeleka faili kwenye maabara ya kuchapa, mwambie fundi azime marekebisho ya kujiendesha ya mashine. Mashine nyingi huongeza ukali na kung'arisha vivuli zenyewe.